Kiti cha Mama Kando ya Printa

9 Februari 1999

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Sisi hatujambo, ila mimi na mafua yangu ya kila mwaka, na wifi yako anayedai kwamba mafua yangu yanamsumbua yeye kuliko yanavyonisumbua mimi. Mtoto amepoteza meno ya mbele na sasa anaongea kwa upepo. Kutwa anauliza shangazi yake anakuja lini. Mama naye anauliza hivyohivyo. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya duka iko kando ya kiti cha mama, na nisingependa asikie ninachotaka kukuuliza. Nataka kukiondoa kile kisanduku.

Unakikumbuka, kile cha bati chenye swichi ya kuzungusha, ya kuipa kila kompyuta zamu yake ya printa, A, B na C. Kompyuta bado ni tatu na printa ni ileile moja ya utepe, inapiga kelele kama cherehani iliyokosa mafuta. Mimi niko A, wifi yako yuko B, na C tumemkodishia mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu anayeandika kitabu kisichoisha. Tunamwita Mzee Rasimu, maana kila ukurasa anauchapa kwanza “kama rasimu tu”. Na mama yupo palepale ulipomwacha, kwenye kiti cha mto wa kijani, mkono juu ya swichi. Anayetaka kuchapa anasema, “Naomba njia.” Mama anaangalia kama printa imemaliza ya mwenzake, anazungusha, anajibu, “Pita.” Bila neno hilo hakuna anayegusa kitufe. Wateja wapya wanacheka, na wa zamani wanaomba njia hata wanapotoka mlangoni.

Sasa kisanduku kimechoka. Kazi zinachanganyika. Juzi barua ya mtu ya kuomba kazi ilianza vizuri kabisa, “Ndugu Mkurugenzi, kwa heshima kubwa”, halafu ikaendelea na milinganyo ya Mzee Rasimu mpaka chini ya ukurasa. Sisi tulicheka, mwenye barua hakucheka. Printa ya pili hatuna uwezo nayo, hilo unalijua. Hata hizi kompyuta tunaziombea dua kila asubuhi ndipo ziwake. Wewe unashinda na kompyuta huko kazini. Hakuna namna ya bei ya chini ya kuzifanya zote tatu zitumie printa moja bila mtu kuzungusha chochote?

Shida ni mama. Nilimgusia kidogo tu, akaniuliza, “Na mimi nitakaa wapi?” Nikajifanya nimeitwa na mteja. Nisaidie kwenye nyaya kwanza, habari ya kiti tutaitafutia dawa.

Mdogo wako,
Kifutio


7 Machi 1999

Mdogo wangu Kifutio,

Marahaba. Barua yako ilipelekwa kwanza ofisi isiyo yetu, ikakaa huko ikizeeka, ndiyo maana najibu sasa. Hatujambo. Shemeji yako amegundua kwamba anajua kupiga rangi kuta, basi nyumba nzima inanuka rangi na hakuna pa kuegemea. Wapwa zako wanaendelea vizuri shuleni, isipokuwa mdogo ambaye anafaulu kupiga soga kuliko masomo yote. Mpe wifi pole kwa mafua yako.

Nimecheka habari za Ndugu Mkurugenzi. Kisha nikakasirika. Unataka kukiondoa kile kisanduku?

Mimi nilikuwepo mama alipokileta. Wewe ulikuwa unamalizia shule, na ulikuwa umeshaacha kumtafunia vifutio vyake vya taipureta, ingawa jina lilikuwa limekuganda. Kuna ofisi ilikuwa inafungwa, wanauza viti na makabati, na kile kisanduku kilikuwa chini ya dirisha na takataka. Mama akakinunua. Wakati ule duka lilikuwa na kompyuta moja tu! Yule muuzaji akamuuliza, mama, unataka kugawa nini na nani? Mama akamwambia kompyuta ya pili iko njiani. Haikuwa njiani popote. Alikiweka juu ya kabati la vyombo, akikifuta vumbi kila Jumamosi, mpaka siku ilipofika kweli.

Na C ilikuwa yangu, usisahau. Nimekaa pale mpaka nilipoolewa. Mgongo wangu ukiuma hadi leo unauma upande ule uliokuwa dirishani. Nikifumba macho naisikia ile printa ikivuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza, nanusa utepe mpya, naona vidole vya mama vyeusi kwenye ncha, naye anatukataza kugusa karatasi. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka shule tunajibana chini ya meza yake, enzi za taipureta, tunakisia kutokana na mlio kama anaandika barua ya mapenzi au ya madai? Wewe siku zote ulisema ya madai. Natamani kurudi chini ya ile meza hata kwa dakika chache.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani umelisahau. Baba alipofariki, mama alijifungia chumbani, pazia limeshushwa, hataki chai wala salamu. Waliomtoa mle ndani si sisi. Ni wateja waliokuja dirishani kulalamika kwamba tumevuruga foleni ya printa. Alitoka kwa hasira, akakaa kwenye kile kiti, akashika swichi, na hajaondoka tena. Sasa wewe unataka kumwondoa kwa waya?

Fungua kisanduku, futa ndani kwa pamba yenye spiriti, kaza skrubu, badilisha kebo iliyolegea. Mama usimguse. Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, nitakuja, nitakaa muda mrefu, nitaona mwenyewe.

Dada yako


29 Machi 1999

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mafua yamepona.

Kisanduku nimekifungua, nimekifuta kwa pamba na spiriti, nimekaza skrubu zote, kebo nimebadilisha. Kinang'aa. Kazi bado zinachanganyika.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta mtihani wa kuchapa. Unajua alivyo mwangalifu, anakaa na bahasha mapajani mpaka karatasi ya mwisho itoke. Swali la tatu lilikatikia katikati, ikaingia bei ya nyama. Ilikuwa orodha ya mwenye bucha, wifi yako alikuwa anamtengenezea. Mwalimu mkuu alikusanya karatasi zake, hata zile mbovu, akaondoka, na mitihani sasa anapeleka kwingine. Mama alimuaga mlangoni kwa furaha kana kwamba kazi imekwenda salama.

Wewe una kumbukumbu nzuri, dada, na mimi ninazo. Ile ya baba na pazia sijaisahau, ni mimi niliyekuwa nikimpelekea chai na kuirudisha imepoa. Lakini nilikuomba nyaya, ukaniletea kumbukumbu. Haziwezi kuchapa.

Siyo kisanduku.

Jumatano mama aliangalia saa ya ukutani akaniuliza kama umesharudi kutoka shule. Nilimwambia bado. Akasema basi tukuwekee chakula.

Nijibu kuhusu nyaya.

Kifutio


25 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima. Rangi imekauka.

Nimeisoma barua yako kazini, nikaenda kuisomea tena kwenye ngazi ambako hakuna watu. Nilianza kuandika kurasa nyingi nikazichana. Nisamehe kwa ile niliyotanguliza. Nijibu jambo moja bila kuzunguka: mama anaumwa? Tangu lini?

Nyaya hizi hapa. Ofisini wamebadilisha vifaa, vya zamani vilikuwa vinaelekea stoo kuoza, nikaviomba. Vinakuja na jirani yetu anayesafiri kuja huko, ni mtu mwaminifu ila msahaulifu, kwa hiyo mfuate yeye, usingoje akufuate. Kuna kadi tatu za mtandao, moja kwa kila kompyuta, unaichomeka ndani. Kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye matundu. Kila kompyuta inaleta waya wake pale. Nyaya nimekukatia mimi mwenyewe, nilikumbuka urefu wa ule ukuta kwa kuupima na hatua zangu kichwani, kama zimepungua nisamehe, ni miaka. Kuna na diski, pamoja na maelezo niliyoyaandika kwenye karatasi ya njano kwa maneno ambayo hata wewe utaelewa.

La muhimu ni hili. Printa utaichomeka kwenye kompyuta moja tu. Hiyo ndiyo mwenyeji. Nyingine mbili ni wageni, zinapitishia kazi zao kwa mwenyeji, naye anazipanga foleni, moja baada ya nyingine, hazigongani. Huhitaji mtu wa kuzungusha. Lakini mwenyeji lazima awe macho muda wote. Akizimwa, wageni wote wamebaki nje na kazi zao mkononi. Awashwe wa kwanza, azimwe wa mwisho.

Kile kiti sijui nikuambie nini. Nimefikiria kila nikitembea kwenda kazini na sijapata.

Mbusu mama. Mwambie nimekula.

Dada yako


6 Juni 1999

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mzigo ulifika. Jirani yako alikuwa ameushusha kwa shemeji yake na kusahau kwamba ameushusha. Nyaya zimetosha, ule wa C umebaki kidogo, tumeuzungushia mguu wa meza. Mtoto anaota meno mapya, makubwa kuliko uso. Wifi yako anakushukuru kwa ile karatasi ya njano, ameibandika ukutani, anasema ni mara ya kwanza kuona mtu wa ukoo wetu akieleza kitu bila kupotea njiani.

Umeniuliza kuhusu mama. Nilikuwa nimekuficha, na si wewe tu, hata mwenyewe nilijificha. Ilianza mwaka jana. Kwanza majina ya wateja, tukasema ni uzee. Halafu siku moja alifunga duka nasi akashika njia ya kwenda nyumba ile ya zamani, tuliyohama wewe ukiwa darasa la pili. Mtu akiomba njia ya A, anazungusha C. Au anazungusha kabla printa haijamaliza, kisha anasema “Pita” kwa sauti yake ileile ya kujiamini, na sisi tunapita. Daktari alimwuliza maswali mengi, akaniita pembeni, akasema ni ugonjwa wa kusahau, hautapona, utazidi polepole. Nilikuandikia kwamba kisanduku kimechoka kwa sababu sikuweza kuandika kwamba mama amechoka. Nilidhani nikiondoa swichi, hakuna atakayejua, na yeye atabaki mama yetu wa kila siku.

Basi, nilifunga vitu siku ya Jumapili duka likiwa tupu. Vilikubali mara ya kwanza, niliruka peke yangu kama mwehu. Jumatatu mama alikuja, akakuta kisanduku hakipo. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Dada, niliumia. Mzee Rasimu alipomwona pale alifunga daftari lake akasema leo hana cha kuchapa, akaenda kwao. Na yule mtu hajawahi kukosa cha kuchapa.

Hayo tisa. Mwenyeji tulimfanya A, kompyuta yangu, na mimi unajua natoka kupeleka kazi kwa wateja. Kila nikirudi nakuta imezimwa na watu wamekwama. Unajua ni nani. Maisha yake yote mama amekuwa akizima vitu: taa, jiko, hata redio ya jirani angeizima kama angeweza. Akipita akaona mashine inawaka bila mtu, anabonyeza. Mzee Rasimu alipoteza foleni ya sura nzima. Alipolalamika, mama alimwuliza umeme analipa yeye? Nikaandika karatasi USIZIME, nikaibandika juu ya kitufe. Akaibandua, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye droo, kwa sababu inachafua mashine.

Wifi yako ndiye aliyetuokoa. Aliniambia, “Mashine yenye mtu haizimi. Mkalishe yeye.” Nikasema atakaa afanye nini? Akasema, alikuwa akifanya nini kabla ya kisanduku?

Tukamkalisha mbele ya mwenyeji. Tukamwekea muhtasari wa kikao cha chama fulani, umeandikwa kwa mkono mbaya ajabu. Akauangalia, akasogeza kiti, akaweka vidole. Dada, kama ungekuwepo. Vilikimbia. Hakuangalia chini hata mara moja, kosa halikuwepo, na pale mwandishi wa kikao alipokosea herufi mama alirekebisha bila kupunguza mwendo. Yule asiyejua leo ni Jumanne au Alhamisi! Wifi yako aliacha kazi yake akawa anamtazama tu. Mimi nilitoka nje kidogo.

Sasa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na hazimi, kwa sababu ana kazi mbele yake. Duka limerudi kuwa duka. Siku nyingine ananiita kwa jina la baba. Namwitikia.

Nimeona kwamba barua yako haikutaja mwezi wa saba.

Mdogo wako


4 Julai 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakusalimu na wapwa zako pia. Hatujambo, na naona haya kuandika kwamba hatujambo.

Nilianza barua hii mara nyingi. Mwezi wa saba huu hapa umefika na mimi nipo huku. Waliniongezea mkataba wa miaka miwili na kunipa kitengo kizima cha kusimamia, nikatia sahihi mwezi wa tatu, kabla barua yako ya mtihani na bei ya nyama haijanifikia. Ilipofika ningeweza kurudi kwa mkubwa wangu nikamwambia hali imebadilika. Ningeweza angalau kuomba likizo. Sikuomba. Likizo yangu ninayo, iko mezani haijaguswa, shemeji yako ananiuliza kila siku naisubirisha nini.

Nitakuambia wewe kwa sababu ni wewe. Naogopa. Kichwani mwangu mama yuko kwenye mlango wa duka, anapangusa mikono kwa kitambaa cha spiriti, ananiita kwa lile jina ambalo hamna mwingine anayeniita. Nikifika akanisalimu kama mteja, nitafanya nini na yule wa kichwani? Afadhali nibaki naye huku, nasema, kisha najichukia kwa kusema hivyo. Umenieleza vidole vyake nikalia kwa furaha na wivu. Ninyi mnaye. Hata akikuita kwa jina la baba, anakuita.

Kwa hiyo naomba unijibu swali moja tu, na usinifiche kama ulivyofanya na kisanduku. Ananikumbuka? Sio yule wa shule aliyewekewa chakula. Mimi, nilivyo sasa. Nikijua jibu nitajua la kufanya.

Dada yako


1 Agosti 1999

Dada mpendwa,

Shikamoo. Utaona barua hii imechapwa, haina mwandiko wangu wa kuku. Nimekaa na swali lako nikashindwa hata kushika kalamu. Wifi yako akasema jambo la mama lijibiwe mbele ya mama. Nikamwambia mama nataka kumwandikia dada barua, aniandikie kwa imla. Akakubali haraka. Aliniambia kwamba mpiga chapa hasikilizi anachoandikishwa, ndivyo walivyofundishwa ofisini, barua za watu ni za watu, masikio yanapeleka kwenye vidole na hayabaki na kitu. Kwa hiyo niko nimesimama nyuma ya kiti chake, nasema, naye anaandika hata haya. Ukiona sentensi zimenyooka, ujue amezinyoosha yeye.

Hatujambo wote. Meno ya mtoto yamekamilika. Mwalimu mkuu amerudi na mtihani wa muhula wa pili, alikaa na bahasha yake mapajani, swali la tatu likatoka zima. Mzee Rasimu amemaliza sura ya mwisho, akaisoma, akaamua kuanza upya sura ya kwanza.

Kuhusu mkataba sikulaumu. Nilikulaumu kwa siku chache, kisha nikakumbuka nani aliyetufunga hizi nyaya akiwa mbali.

Sasa swali lako. Mama anasahau, dada. Kuna siku anamwita wifi yako kwa jina la dada yake aliyefariki. Kuna siku anauliza baba amekwenda wapi, na tukimwambia anaumia upya, kwa hiyo tumeacha kumwambia. Mama ameinua kichwa, ameniuliza, “Hapo niweke mkato au nukta?” Nimesema nukta. Ameweka.

Umeuliza kama anakukumbuka wewe, ulivyo sasa. Mimi sijui, dada. Nimeogopa kumwuliza, kwa sababu ileile inayokuogopesha wewe.

Mwanangu. Anayeandika hapa ni mimi. Mdogo wako anasafisha miwani. Miaka yote niliyopiga chapa sijawahi kuongeza neno langu kwenye barua ya mtu, leo naongeza, na kama ni kosa wanifukuze. Najua kwamba nasahau. Mdogo wako alidhani sijui, akaenda kulia stoo, na ile stoo haina mlango wa maana. Naijua habari yangu, ni vile tu haikai.

Leo nakukumbuka. Una watoto wawili, mumeo ana mkono mrefu wa kupiga rangi, mgongo unakuuma upande wa dirisha kwa sababu nilikukalisha vibaya. Kesho sina hakika. Asubuhi mimi ni mzuri zaidi kuliko jioni, kwa hiyo utakapokuja ingia asubuhi. Nikikuuliza wewe ni binti wa nani, usigeuke kuondoka. Nitajie, kisha vuta kiti ukae karibu nami, na kesho yake uniambie tena.

Miaka miwili ni mingi kwangu. Hiyo likizo iliyo mezani ichukue.

Mama yako